Mlima na Majira Yake: Theluji ya Masika, Ukungu, na Moto wa Kiangazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na viongozi wa vijiji vya mlimani



Tumeombwa kusema juu ya hali ya hewa ya Mlima Kilimanjaro, na jinsi watu wakaao mapajani mwake wawezavyo kuishi nayo. Huenda mtu akauliza, Je, yuko nani hapa asiyeijua mvua ya kwao? Mzee aliyelima kihamba miaka hamsini haambiwi masika huja lini. Neno hilo ni la haki, wala hatukuja kumfundisha mzee kutazama mawingu. Lakini kila mtu aujua mlima kwa kipande chake. Mwenye kihamba aijua mvua ya kihambani. Mchukuzi wa mizigo ya wageni aijua baridi ya Horombo na ya Kibo. Mrina asali aujua msitu. Na mtu wa tambarare aujua mlima kwa maji yamfikiayo mferejini, au kwa maji yasiyomfikia. Nia yetu leo ni kuvikutanisha vipande hivyo, kwa kuwa mengi yatupatayo huku chini yameanzia juu, nasi hatukuyaona yakianza.

Tuanze kileleni. Kimo cha Kibo ni meta 5,895. Mtu apandapo, joto hupungua kwa kadiri ya digrii sita kila meta 1,000, mara pungufu kidogo, mara zaidi kidogo. Ndiyo maana wastani wa joto la mwaka ni kama digrii 23 katika mji wa Moshi, na kileleni ni kama digrii 7 chini ya kiasi cha maji kuganda. Basi siku ambayo mtu wa sokoni anajipepea kwa kofia, juu ya kichwa chake, umbali wa kutazama kwa macho, maji ni jiwe.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani, aliona weupe juu ya mlima huu. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kukiita kitu kile, ila alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann alielewa ya kuwa ni theluji, akaiandika habari ile, na baadhi ya wenye elimu wa Ulaya wakaikataa. Bwana mmoja wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kufika huku, alishikilia miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Sisi twaona kwamba yule kiongozi wa njia, kwa neno lake moja, alikuwa ameikaribia kweli kuliko bwana yule na vitabu vyake. Rebmann aliambiwa pia kwamba zamani mangi mmoja wa Machame aliwatuma watu wapande wakakitazame kitu kile cheupe, nao wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Kwa hiyo wazee wetu walijua vema kwamba weupe ule si pambo, hata kama hawakuwa na sababu ya kuufuata.

Walimu watawaeleza watoto kwamba mvua na theluji ni kitu kimoja katika mavazi mawili. Mvua zetu zaja kutoka Bahari ya Hindi. Pepo za bahari zikiugonga mlima hulazimika kupanda, na hewa ipandayo hupoa, na ikipoa haiwezi tena kuyashika maji yake. Kwa sababu hiyo mvua nyingi huanguka upande wa kusini, uelekeao pepo hizo, na upande wa kaskazini hupata kidogo. Katika msitu wa kusini, penye kimo cha meta 2,000 na ushei, mvua ya mwaka mzima hukaribia milimeta 3,000. Mji wa Moshi haufikii 1,000. Na huko juu kabisa hupatikana kidogo mno, maana mawingu yamekwisha kumwaga mzigo wao msituni kabla ya kufika. Hicho kidogo ndicho kiangukacho kama theluji.

Theluji hiyo huja hasa katika masika, kuanzia Machi hata Mei, na tena katika vuli, Novemba na Desemba. Kwa siku nyingi za masika mlima hauonekani kabisa, umejifunika. Kisha baada ya usiku wa mvua kubwa kunakucha kweupe, na watu wakitoka nje wanaona Kibo imevaa nguo mpya, na mara nyingine weupe umeshuka hata kwenye nyika iliyoko kati ya Kibo na Mawenzi. Kufika saa sita mchana nguo ile imekwisha kupasuka, na baada ya siku chache wabaki weupe wa siku zote tu.

Mtu asidhani kwamba theluji hiyo ya siku mbili tatu ni kitu cha bure. Barafu ya zamani iliyoko juu yaihitaji kama mtu ahitajivyo mwavuli wa jua. Theluji mpya ni nyeupe mno, nayo huurudisha mwanga wa jua. Barafu iliyokosa theluji mpya huwa chafu na nyeusi-nyeusi, hunywa joto la jua na kuliwa upesi. Kwa kuwa hewa ya juu ni kavu, sehemu ya barafu hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza, kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa imefunika karibu kilometa za mraba 11 na nusu. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa chini ya kilometa za mraba 2. Joto la dunia limeongezeka, na theluji ya kuihifadhi barafu ile imepungua. Mambo hayo mawili yamefanya kazi pamoja. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu ya mlima huu ni miongoni mwa zile zinazotazamiwa kwisha kufika mwaka 2050. Watoto wanaosoma darasa la kwanza sasa, kama maonyo hayo yatatimia, watakuwa watu wazima wenye watoto siku itakapokwisha.

Hapo twataka kusema neno moja kwa wazazi kabla ya kuendelea. Vijana wetu wengi hupanda mlima wakichukua mizigo ya wageni, na kazi hiyo imejenga nyumba nyingi katika vijiji hivi. Theluji ya masika si kama ya miezi mikavu. Yaja na maji, na kabla yake mtu hunyeshewa kutwa nzima msituni. Nguo ya pamba ikilowa hukaa na maji na kumnyang'anya mtu joto lake; ya sufu, hata ikilowa, humsaza kidogo. Mtu anayetetemeka bado anajipigania. Akiacha kutetemeka ilhali hakupata moto wala nguo kavu, akaanza kusema maneno yasiyopatana na kujikwaa-kwaa, huyo yu hatarini. Avuliwe nguo za majimaji, afunikwe, apewe kitu cha moto cha kunywa kama bado anaweza kumeza, ateremshwe chini bila kungoja asubuhi. Mzigo wa mchukuzi umewekewa kikomo cha kilo 20. Kijana anayekubali kuchukua zaidi ili asikose kazi aujua uzito wa mzigo ule asubuhi, penye mlango wa hifadhi. Haujui uzito wake saa kumi jioni penye matope na theluji. Mzazi amwulize mwanawe ana nguo gani mfukoni kabla hajaondoka. Mabuti ya kuazima yenye matundu yameondoa vidole vya watu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote. Watu wengi, na baadhi ya vitabu pia, husema kwamba mito ya Kilimanjaro hutoka katika barafu ya Kibo, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Sivyo. Maji ya barafu yateremkayo ni machache sana. Maji ya chemchemi zetu karibu yote ni ya mvua na ukungu wa msitu, ambayo huzama ardhini katika ukanda wa miti na kutokea tena chini, mengine baada ya miaka mingi. Barafu ni taji la mlima, na kuikosa kutatuhuzunisha na kutupunguzia wageni. Lakini birika letu ni msitu. Mtu anayeililia barafu huku akiuacha msitu uungue, analilia kofia wakati nyumba inawaka.

Tuueleze ukungu kidogo, maana haujulikani vizuri. Asubuhi mlima huwa wazi. Jua likipanda, hewa ya tambarare hupata moto na kupanda kando ya mlima, na kufika saa nne au saa tano mawingu yamekaa juu ya msitu. Kuanzia Juni hata Agosti, wakati wa baridi, mawingu hayo huweza kukaa siku nyingi bila mvua ya kweli. Mtu aliye kihambani husema, Leo hakuna mvua, ila giza na baridi tu. Lakini huko msituni miti inachota. Kila jani, kila uzi wa kuvu na ndevu za miti zining'iniazo hukusanya vitone vya ukungu, navyo huungana na kudondoka. Mti ulio hodari kuliko yote kwa kazi hii ni ule wenye majani membamba kama sindano ambao wataalamu huuita erika, uotao mwisho wa msitu kwa juu, palipo na ukungu mwingi. Kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakiuoni ukungu, mti huuona. Ondoa miti ile, na wingu lile lile litapita juu ya majani mafupi bila kuacha kitu.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, wa Ujerumani, ameupima msitu huu kwa miaka mingi, na mwaka 2005 alitangaza aliyoyaona. Mwaka 1976 misitu ya erika ilikuwa imeenea kilometa za mraba 187. Katika muda wa miaka isiyozidi thelathini zilikuwa zimesalia 32 tu. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya meta. Wala haikuwa shoka iliyofanya hayo katika mahali pa juu namna ile. Ulikuwa ni moto. Yeye alisema wazi kwamba maji yaliyopotea kwa kuungua misitu ya ukungu ni mengi kupita maji yanayopotea kwa kuyeyuka barafu. Twatamani neno hilo lisomwe katika kila shule ya mlimani.

Moto wa mlima una majira yake kama mvua ilivyo na yake. Majira ya hatari ni mawili: Januari na Februari, kabla ya masika, na Agosti hata Oktoba, kabla ya vuli. Vuli ikichelewa hatari huongezeka kila siku. Majani ya juu hukauka kwa jua kali la mchana na sakitu ya usiku, na erika yenyewe ina mafuta yanayoshika moto hata ikiwa mbichi. Upepo hupanda mchana na kushuka usiku, hivyo moto unaopanda mlima mchana waweza kugeuka usiku na kuwarudia watu waliolala wakidhani umekwenda zake.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza mahali paitwapo Whona, ambapo wapandao kwa njia ya Marangu hupumzika kati ya Mandara na Horombo. Uliwaka siku nyingi. Mamia ya watu walipanda kuuzima, watumishi wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, na wanakijiji, na chombo kikubwa cha wengi wao kilikuwa tawi bichi, jembe na panga. Ulipokwisha, kilometa za mraba zaidi ya 90 zilikuwa zimeungua. Kisha usiku wa tarehe 21 Oktoba 2022, karibu na Karanga, kadiri ya meta 4,000, ukazuka mwingine, na safari hiyo askari wa jeshi nao walipelekwa. Tazameni tarehe hizo: zote mbili Oktoba, zote mbili vuli haijanyesha vema.

Aliyepanda kuzima moto wa namna hii hahitaji kuelezwa, lakini wale waliouona kwa mbali, kama mstari mwekundu usiku, wajue haya. Huko juu hakuna maji ya kuzimia. Udongo wa chini ya erika si udongo mtupu, bali ni majani na mizizi iliyooza kwa miaka mingi, nao hushika moto ndani kwa ndani. Watu wameupiga moto, wameuona umezimika, wameteremka, na siku ya tatu umetokea hatua mia nyuma yao. Kwa hiyo kuzima si kupiga ndimi za moto tu. Ni kuchimba mfereji mpaka kufikia udongo usio na mizizi, kuuzungushia moto, na kukaa ukiupapasa kwa mkono siku mbili tatu baada ya kila mtu kuchoka. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo isiyopata watu.

Wahenga husema moto huzaa jivu. Na jivu lenyewe huzaa nini? Jambo hilo halitazamwi vya kutosha, kwa sababu moto ukiisha magazeti huondoka na watu hurudi makwao. Mlima unaoungua mwezi wa Oktoba unangoja mvua ya Novemba, na mvua ile haikuti tena majani ya kuipokea polepole. Hupiga udongo mtupu. Jivu laini huziba matundu ya udongo, na mara nyingine udongo uliounguzwa sana hukataa maji kabisa, yakabiringika juu yake kama juu ya ngozi yenye mafuta. Maji yaliyopasa kuzama na kutokea chemchemini mwaka ujao huteremka siku ile ile, nayo hayateremki peke yake: hubeba jivu, mchanga, magogo yaliyoungua nusu. Kwanza hujaa katika vichwa vya mifereji. Mfereji uliozibwa kichwani hufurika kando na kukata njia yake mwenyewe, pengine katikati ya kihamba cha mtu asiyehusika na moto wowote. Na kiangazi kifuatacho mfereji ule ule huwa hauna maji ya kutosha. Mafuriko na ukame hutoka mlangoni pamoja.

Asiyesadiki nguvu ya maji yateremkayo mlimani na akumbuke Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ililegeza sehemu ya mlima ule, na tope na mawe vikaufikia mji wa Katesh asubuhi, watu zaidi ya 80 wakafa. Hatusemi kwamba Hanang ilisababishwa na moto. Twasema tu kwamba mlima uliolowa haungoji watu waamke.

Na huko juu palipoungua hufuata nini? Kwanza majani na maua meupe makavu hutokea. Erika yenyewe si dhaifu. Mashina mengi yaliyoungua huchipua tena kutoka chini, na mtu akipita baada ya miaka michache huona vichaka vya kimo cha magoti. Vikiachwa miaka mingi vitakuwa miti tena yenye ndevu za ukungu. Lakini moto ukirudi kabla havijakomaa, shina hudhoofika, na baada ya mara kadhaa hubaki majani matupu, na majani hayo ndiyo kuni bora ya moto ufuatao. Senesio, ile miti minene ya ajabu ambayo wageni hupenda kuipiga picha, mingi yao huvaa majani yake makavu shinani kama blanketi la kujikinga na baridi ya usiku. Moto ukichoma blanketi lile, mti hubaki uchi penye sakitu ya kila usiku. Lobelia ina akili ya namna nyingine: huyafunga majani yake usiku, na maji yaliyomo katikati yakiganda juu huihifadhi ncha changa isigande. Dhidi ya baridi silaha hiyo inatosha. Dhidi ya moto haina kitu.

Ndugu zetu, basi tufanye nini? Tutasema yale tu yaliyo katika uwezo wa kijiji.

La kwanza ni asali. Sote twajua kwamba baadhi ya mioto huanzia kwa mrina asali aliyekwenda na kinga cha moto mkononi, akawafukuza nyuki, akashuka na ndoo yake, na kinga akakiacha chini ya mti. Kumkamata ni sawa, lakini kumkamata hakuleti asali mezani. Mizinga iliyotundikwa kihambani na ukingoni mwa msitu, pamoja na bomba la moshi lenye kifuniko, humwondolea mtu haja ya kwenda na moto ndani. Vikundi vya kina mama katika baadhi ya vijiji vimekwisha kuanza, na wanauza. Yafaa serikali ya kijiji iwatambue warina asali wote kwa majina, iwaite kabla ya Agosti, izungumze nao kama watu wenye ujuzi, kwa sababu ndio wazijuao njia za msitu. Mrina asali aliyeheshimiwa ni mlinzi. Akitukanwa huingia usiku.

Hali kadhalika wenye mashamba ya chini wanaochoma mabua. Anayelazimika kuchoma amwarifu mjumbe wake, achome asubuhi upepo ukiwa umetulia, asiondoke mpaka majivu yapoe. Wengi hapa wana ng'ombe wa ndani wanaonunuliwa majani kwa fedha. Kwa nini mabua yachomwe?

La pili ni kikosi cha zamu. Kila kijiji kinachopakana na msitu kiwe na watu wasiopungua ishirini waliofundishwa, wenye majembe, mapanga, mabuti na mablanketi yaliyowekwa tayari mwezi wa Julai, si kuazimwa siku moshi unapoonekana. Tunajua jibu litakalotolewa: nani atawalipa? Ni swali la haki. Hifadhi hukusanya fedha kwa wageni wanaokuja kuutazama mlima huu, na sehemu ya fedha hizo hurudi katika miradi ya vijiji. Yafaa viongozi waombe kwa maandishi kwamba kikosi cha moto kihesabiwe kuwa mradi kama darasa na zahanati.

Hapo twagusa jambo lenye uchungu. Mwaka 1941, wakati wa utawala wa Waingereza, kipande cha msitu chenye upana wa nusu maili kilitengwa ili wananchi wapate humo kuni, mbao na majani. Wazee hukiita hivyo hata leo, nusu maili. Baadaye usimamizi wake ulilegea, miti ikakatwa pasipo kipimo, na mwaka 2005 msitu wa mlima uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Tangu hapo mama aliyezoea kuingia na kamba yake ya kuni amekutana na katazo. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina sehemu ya haki: nusu maili iliharibiwa na mikono yetu, si ya mgeni, lakini mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba hatakimbia kuizima ikiwaka. Palipo na mapatano ya wazi juu ya siku za kuokota kuni kavu na kukata majani, na yakaheshimiwa na askari na wanakijiji sawasawa, watu huusikia moshi mapema na kutoa habari. Mapatano hayo yaandikwe, yabandikwe shuleni, na mwalimu ayasome kwa sauti katika mkutano, kwa maana si kila mwenye kamba ya kuni anasoma.

La tatu ni mifereji. Mababu zetu walichimba mifongo mamia, wakayaongoza maji kwenye kingo ambazo mhandisi wa leo huzitazama akatikisa kichwa. Walikuwa na desturi ya siku ya kazi, na asiyekuja alitozwa mbege au mbuzi. Desturi hiyo imelegea tangu mabomba yalipokuja, nayo mabomba hayakuufuta mfongo, kwa maana bomba halinyweshi migomba. Baada ya moto wowote mlimani, wenye mfongo wasingoje mvua. Wapande mpaka kichwa cha mfereji, waondoe magogo, watengeneze njia ya kando ya kupitishia maji ya tope, na usiku wa mvua ya kwanza kubwa mtu wa zamu aufunge mfereji kabisa mpaka maji yawe meupe. Nyumba zilizojengwa bondeni kabisa, chini ya korongo linaloshuka kutoka palipoungua, zijulikane kwa majina, na wenyewe wajue wataamshwa na nani na watakimbilia wapi.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima na kujenga ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji. Wengi wetu tunajua mahali ambapo migomba imekwisha kufika ukingoni. Hapo papandwe miti ya kwetu ipendayo maji, kama mringaringa na msesewe, wala si mikaratusi. Juu ya msesewe tuna ombi la pekee kwa watengenezaji wa mbege: magome yachunwe upande mmoja tu wa shina, mti upate kupona. Tumeona misesewe iliyovuliwa nguo pande zote, imesimama imekufa kando ya kijito, na mbege iliyopatikana ilinywewa Jumapili moja.

Miche ya miti hiyo ipandwe masika yakianza, si vuli, kwa sababu mvua za vuli ni za kubahatisha, na mche uliokosa mvua wiki tatu hufa. Shule zikianza vitalu mwezi wa Septemba, miche itakuwa tayari Machi. Walimu wanaotaka mbegu wabaki nyuma kidogo waandikishe majina yao, na mwenye swali juu ya mizinga au juu ya mifongo na aulize sasa, kwa maana wingu lililokuwa Kibosho tulipoanza kusema limekwisha kufika hapa.